Kiko cha mirishamu hakitaki pupa

Kijana mmoja wa Njombe ameniandikia na kunitumia picha ya kiko chake cha tumbaku. Ni cha mirishamu, jiwe laini la kuchonga viko, cheupe, kimechongwa kichwa cha mzee mwenye kilemba, na ufa umeshuka kutoka ukingo wa bakuli hadi kwenye ndevu. "Shikamoo mzee. Mwezi haujaisha tangu nikinunue. Au hili jiwe haliwezi baridi yetu?"

Marahaba, mwanangu. Linaiweza. Mimi naishi Mafinga, na Julai hapa kuna asubuhi unakuta majani yameganda kwa baridi. Kiko changu ni kizima.

Na si uzima tu. Kilikuwa cheupe kama chako. Leo shingo yake ina rangi ya asali, chini ya bakuli imekolea kahawia, na juu kwenye ukingo weupe unaondoka taratibu. Juzi kwenye msiba huko Kalenga mzee mmoja, mvutaji wa siku nyingi, alikiomba, akakishika kwa mrija bila kuambiwa, akakigeuza juani, akasema, "Hiki kimelelewa." Sitaficha, nilifurahi sana. Miaka yote nyumbani wananiuliza kwa nini nimetoa hela nyingi namna ile kununua udongo.

Si udongo wa kawaida. Ni madini ya sepiolaiti, mepesi, yamejaa vitundu visivyoonekana kwa macho, ndiyo maana yanafyonza unyevu na utomvu wa tumbaku. Mirishamu inayosifiwa zaidi inachimbwa Eskişehir, Uturuki. Mafundi wa kule huilowesha ili ilainike, huichonga kwa kisu, huikausha, kisha hukichovya kiko kwenye nta ya nyuki. Utomvu ukikutana na ile nta ndani ya jiwe, rangi inaanza kupanda. Na sisi tunayo: Sinya, wilaya ya Longido, mpakani karibu na Amboseli, jiwe hili lilichimbwa, na Arusha viko vilitengenezwa kwa jina la Kiko, vyenye nembo ya tembo. Inasikitisha kwamba wavutaji wa Ulaya wanavikumbuka kuliko sisi. Jiwe la kwetu ni gumu na zito kidogo kuliko la Uturuki na rangi yake hupanda kwa mabaka, lakini ukikutana na kiko cha tembo sokoni, usikiache.

Unaponunua, uliza jambo moja: kimechongwa kwenye bonge zima, au ni unga na vipande vilivyobanwa kwa gundi? Cha kubanwa huwa kizito, na rangi yake haipandi vizuri. Mfanyabiashara mmoja wa Dar aliwahi kunitumia cha kubanwa baada ya kuniapia kuwa ni bonge. Nilikijua nilipokishika tu. Nilipompigia alisema watu wa mikoani tunajifanya wajuaji, kisha akanifungia namba. Hela haikurudi. Mpaka leo neno lile linaniuma kuliko hela. Kwa hiyo usinunue kwa picha. Kishike. Sehemu isiyo na nta, kwa mfano ndani ya bakuli jipya, iguse kwa ncha ya ulimi: mirishamu ya kweli inanata kidogo.

Turudi kwenye ufa wako. Nimeikuza ile picha, nikaona ukoko mnene mweusi ndani ya bakuli. Naamini aliyekufundisha alizoea kiko cha mti, ambacho ukoko wake huachwa ukalinda mbao. Mirishamu haihitaji ulinzi huo. Ukoko ukipata moto hutanuka, ukisukuma ukuta wa jiwe mpaka linapasuka. Kila ukimaliza, subiri kipoe kabisa, kisha futa ndani kwa karatasi laini ukizungusha. Kisu weka mbali. Na mrija usiuchomoe kikiwa cha moto. Kikipoa, uchomoe kwa kuuzungusha polepole.

Hilo la kupoa nalirudia kwa sababu ndilo vijana mnalishindwa. Kikiwa cha moto nta imelainika, na kidole kwenye bakuli kinaacha alama. Shika mrija. Usikitoe sebuleni kinawaka ukaingia nacho kwenye upepo wa saa kumi na moja alfajiri. Usikijaze tena kabla hakijapoa. Tumbaku, iwe ya mvuke kutoka Chunya au ya moshi kutoka Songea, ianike kidogo kwanza, maana ikiwa mbichi utaivuta kwa nguvu na bakuli litachemka. Vuta polepole, kikitaka kuzima kiache kizime.

Nta ikififia, irudishe. Mimi nanunua kwa walina asali, naiyeyusha kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji moto, napasha bakuli kwa mvuke mpaka liwe vuguvugu, napaka kwa brashi ndogo, nafuta kwa kitambaa cha pamba. Jiwe linainywa unaiona.

Tumbaku inaua, na asiyevuta asianze kwa sababu yangu. Nasema na ambao tayari mnavuta, mnaotaka rangi ya miaka kumi ipatikane kabla ya Krismasi. Nimeambiwa wapo wanaopaka chai ya rangi na mafuta ya nazi. Huko ni kujidanganya, jamani. Mtu asiyeweza kungoja kiko kipoe na rangi ipande taratibu anunue cha mti, amwachie mirishamu mwenye subira.

Wewe wa Njombe, bakuli hilo halitapona, na gundi usijaribu, utavuta moshi wake. Mrija bado ni mzima, utunze. Pima kipenyo cha kiungo chake kabla hujanunua bakuli jingine, visije vikakataana. Ukipita Mafinga kuelekea Iringa nipigie, nitakuonyesha la bonge na la kubanwa uyashike yote mawili.