Muulize Mwalimu: Maji ya bahari ni molari ngapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha tatu hapa Lindi, na baba anafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi. Tulipewa hesabu: maji ya bahari yana chumvi gramu 35 kwa lita, tafuta ukolezi wa mililita 250. Mimi nimepata 0.15, mwenzangu 0.6. Nani kapatia?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwenzako kapatia, wewe umeishia njiani.

Mililita 250 ni robo lita, kwa hiyo chumvi iliyomo ni gramu 8.75. Moli ni kipimo cha kuhesabia chembe za kitu. Moli moja ya kloridi ya sodiamu, yaani chumvi ya kula, ina gramu 58.5: sodiamu 23, klorini 35.5. Ukigawanya, unapata 0.15. Lakini 0.15 ya nini? Ni moli. Ungeandika kipimo mbele ya namba ungejishtukia. Mimi namba tupu huwa siisahihishi kabisa. Sasa gawanya moli hizo kwa ujazo wa lita 0.25, upate ukolezi: moli 0.6 kwa lita, yaani molari 0.6. Chota kwa kikombe, chota kwa ndoo, ukolezi haubadiliki. Kinachobadilika ni idadi ya moli ulizobeba.

Mkienda maabara kutengeneza mmumunyo wa molari 1, msimimine lita nzima ya maji juu ya gramu 58.5. Yeyusheni chumvi kwanza kwa maji kidogo, kisha ongezeni mpaka ufike alama ya lita. Ujazo unaohesabiwa ni wa mmumunyo wote.

Aliyetunga hesabu yenu amerahisisha, na si vibaya. Katika zile gramu 35 zimo pia magnesi, salfeti na vinginevyo. Kloridi ya sodiamu ni gramu 27 hivi, yaani molari 0.46. Na hiyo ni bahari ya wazi. Mto Lukuledi ukijaa mvua, maji ya hapo kwenu Lindi hupungua chumvi.

Kwa baba yako jua linapunguza ujazo, moli zinabaki. Lita 10 za molari 0.46 zikikauka hadi lita 2, ukolezi unazidi mara tano: molari 2.3. Chumvi bado haijaanza kuganda. Inaanza maji yakishapungua kama sehemu tisa kati ya kumi, na kuanzia hapo usitumie tena hesabu hii, maana moli nyingine zimeshatoka majini na kuwa chenga.