Usimwage Birika

Tanga, Januari

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, ya pili kwa ajili ya kucheka tu, maana unavyolisemesha hilo gari ungedhani ni punda aliyegoma njiani. Nimekuelewa hivi: Jumamosi uliliosha, usiku likalala nje, Jumapili asubuhi ufunguo unaingia lakini hauzunguki, na mlango wenyewe umeshikana kama uliochomelewa. Unauliza uchemshe maji umwagie?

Usimwage. Mimi nilimwaga, baridi yangu ya kwanza hapo hapo Minneapolis, Marekani, birika zima. Mlango ukafunguka papo hapo, nikajiona fundi. Nilipofika kazini na kushuka, ukakataa kufunga. Maji yalikuwa yameingia kwenye kitasa yakaganda upya njiani, na ule ulimi wa chuma haukusogea tena. Nikaufunga mlango kwa kikoi, ncha moja kwenye mkono wa mlango, nyingine kwenye kiti cha abiria, na baada ya zamu nikarudi nyumbani hivyo hivyo, upepo unaniingia ubavuni, kila taa nyekundu watu wananitazama. Na hapo nilipona, kwa sababu kioo kilichopoa kiasi hicho kikipata maji ya moto kinaweza kupasuka.

Unakumbuka mama yako alivyokuwa akiuza barafu za ukwaju? Kifuko alichokipangusa vizuri kilitoka kwenye friji kwa kuguswa tu. Kile ulichomwekea wewe kwa haraka, kikichuruzika, kilinata ukutani mpaka kichanike, kisha ukasingizia friji. Gari lako limefanyiwa jambo lile lile. Baridi peke yake haigandishi mlango. Tarehe 30 Januari 2019 Minneapolis ilishuka mpaka nyuzi 28 chini ya sifuri za Farenhaiti, kama 33 chini ya sifuri za Selsiasi, hata posta haikugawa barua, na mlango wangu ulifunguka bila shida kwa kuwa ulikuwa mkavu. Siku za kuogopa ni zile theluji inapoyeyuka mchana halafu usiku kukaganda, au inaponyesha mvua inayoganda ikigusa kitu. Au mtu anapoosha gari Jumamosi.

Sasa hivi, kabla ya yote, umejaribu mlango wa abiria? Na ya nyuma? Na buti? Nakujua, umesimama pale pale kwa dereva unapigana. Upande uliopigwa na jua au uliokingwa na upepo huachia mapema, nawe ukishaingia ndani, washa gari na hita ifanye kazi.

Kama yote imegoma, tundu la ufunguo lishughulikie kwa spiriti, ile ya kusafishia vidonda. Yenyewe haigandi kwa baridi ya huko, na ikikutana na barafu inaiyeyusha. Dondosha kidogo tunduni, au chovya ufunguo, uingize, uutoe, urudie. Dawa ya kusafishia mikono inafaa pia ikiwa ina spiriti. Kuupasha ufunguo kwa kiberiti cha gesi ni kwa ufunguo wa chuma kitupu. Wako una plastiki na chipu kichwani, utaunguza kitu cha bei. Usipulize kwa mdomo, pumzi ni mvuke, na mvuke ni maji. Usiulazimishe kuzunguka pia. Ukikatikia ndani, utamlipa fundi wa vitasa kwa kosa la mikono yako.

Kitasa kikiachia na mlango bado haujatoka, ujue ni ule mpira wa kuzunguka ukingo wa mlango umegandana na bati. Hapo usivute, maana mkono wa mlango huvunjika. Sukuma. Egemea kwa bega, kwa nyonga, kando kando ya mlango kuzunguka pembe zake, utasikia barafu ikilia kwa ndani. Kisha vuta polepole.

Kuosha usiache, chumvi wanayomwaga barabarani hapo kuyeyusha barafu itakula bati mpaka uone lami chini ya miguu. Ila ukimaliza, fungua milango yote minne na upanguse ile mipira kwa kitambaa kikavu, uipulizie silikoni. Usipake grisi wala mafuta ya kujipaka, yanaiharibu. Kwenye tundu la ufunguo puliza unga wa grafaiti, ule mweusi kama wa ndani ya penseli, na usiuchanganye na mafuta, utapata tope. Rimoti ilale nyumbani mahali pa joto, betri yake nayo inachoka kwa baridi.

Chupa ya spiriti weka kwenye koti. Mimi yangu niliitunza vizuri sana ndani ya gari, kwenye kijidroo cha mbele, na asubuhi niliyoihitaji niliitazama kupitia kioo.

Nipigie saa 2 usiku ya kwako, huku itakuwa saa 11 alfajiri na nitakuwa nimeshaamka. Unieleze ni mlango upi uliofunguka kwanza. Mama yako anasema ni buti.

Baba yako