Tuulizane: zawadi ya mama mkwe, ya babu na ya rafiki anayehama

Krismasi ikianza kunukia barua za zawadi zinakuja nyingi, kila mtu anajiandaa kwenda kwao. Mwezi huu nimechukua tatu.

Shikamoo mama. Niko Mbeya hapa Uyole, nimeolewa mwaka wa pili sasa, kwao mume wangu ni Ilula, Iringa. Mwaka jana nilimpelekea mama mkwe seti ya glasi nzuri tu, elfu arobaini na tano. Juzi wifi kanitumia picha ya sebuleni kwao naona boksi liko juu ya kabati vile vile, halijafunguliwa. Roho imeniuma sana. Mwaka huu nina elfu hamsini, nimpelekee nini?

Marahaba mwanangu. Kwanza roho itulie, boksi kukaa juu ya kabati sio dharau. Mama zetu hawa kitu kizuri wanakitunza kisubiri mgeni, na inawezekana kabisa kila anayeingia pale anaonyeshwa, haya kaniletea mkwe wangu wa Mbeya. Ila kiukweli glasi zilienda kwa wageni, yeye mwenyewe hazijamfikia, na naona wewe unataka kumfikia yeye.

Sasa mpigie huyo huyo wifi, lakini usimuulize mama anataka nini maana utajibiwa leta chochote tu. Muulize siku ya mama inaendaje, akiamka anaanza na nini, sa hivi shamba analima au kaachia vijana, anajifunga nini akienda kanisani, anapika mwenyewe au kuna binti, na kuna kitu gani analalamikia lalamikia, ndoo imepasuka, miguu inapata baridi usiku, vitu vidogo vidogo hivyo. Ukimsikiliza dakika kumi zawadi itakuja yenyewe na utashangaa ni ya bei ndogo.

Kama wifi hana la maana, mimi ningenunua kanga. Usiseme kanga kila mtu anapeleka, wengi wanapeleka vibaya. Soma jina kwanza, tena lisome lote taratibu, maana kuna kanga rangi zake zinavutia halafu maneno yake ni ya kumpiga kijembe jirani au mke mwenza, sasa hayo umpelekee mama mkwe si mtakaa Krismasi nzima mnatafsiriana? Tafuta ya heri au ya kumsifu mama, ile ya Nani kama mama haijawahi kumkera mtu. Kitambaa kiwe pamba, kikunje usugue kidogo mkononi, kikitoa unga ujue ni wanga huo, kikifuliwa mara mbili kinabaki kama chandarua. Halafu hapa ndipo watu wanapokosea, kanga inauzwa doti, yaani mbili zimeungana hazijakatwa wala kupindwa, ukimpa hivyo itakaa kwenye sanduku mpaka apate nafasi ya kwenda kwa fundi. Ipeleke wewe ikatwe, ipindwe, uifue mara moja ilainike, ukimkabidhi jioni asubuhi yake anajifunga.

Hela itakayobaki nunua mchele wa Kyela, kilo tano au kadiri utakavyoweza. Uchague mwenyewe, chukua kiganja upulizie pumzi ya moto unuse, wa Kyela wa kweli unanukia kabla haujafika jikoni. Usiubebe kwenye mfuko wa plastiki, weka kwenye ndoo mpya yenye mfuniko, mchele ukiisha ndoo inabaki. Na usimpe mbele ya watu wote siku ya sikukuu, mfuate jikoni, chuchumaa vizuri, mpe kwa mikono miwili, mwambie hii nimepinda kabisa mama uvae kesho. Hizo glasi usiziulizie hata kidogo.

Kamwene mama. Mimi ni kijana niko Makambako, natafuta zawadi ya babu yangu. Zamani alikuwa kibarua kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA. Kila nikimuuliza anasema hataki kitu, nguo anazo na redio anayo. Na mimi hela sina kabisa, nipo nipo tu.

Kamwene mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, maana zawadi umeitaja mwenyewe hujaiona. Reli ile imejengwa 1970 mpaka 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, na kipande cha Mlimba kuja hapo kwenu Makambako ndio kilikuwa kigumu kuliko vyote, milima, mahandaki na madaraja. Babu yako alikuwepo! Nunua kaunta buku moja na kalamu, basi.

Mwombe ruhusa umrekodi na simu, usimrekodi kwa kuvizia. Usianze na swali kubwa la niambie maisha yako, mzee atasema ah tulifanya kazi tu, mmemaliza. Anza na kadogo, mlikuwa mnakula nini kambini, viatu mlipewa, Mchina alikuwa anakuitaje, siku ya kwanza kulipwa ulinunua nini. Nusu saa inatosha, akichoka acha urudi siku nyingine. Mimi nilimfanyia hivi marehemu baba, nilikuja na maswali kumi na mbili tukaishia kwenye la pili, alikuwa anaelezea ng'ombe mmoja tu wa baba yake, na ndio ukurasa ninaoupenda mpaka leo.

Halafu uandike kama anavyoongea yeye, Kibena kikiingia katikati kiache, usimnyooshee lugha. Herufi kubwa asome bila kuhangaika, na kama macho hayaoni vizuri msomee jioni wajukuu wakiwepo. Kama kuna picha ya zamani nenda nayo steshenari waitoe kopi, kopi ndio ubandike kwenye daftari, ya asili mrudishie. Acha kurasa tupu mwishoni, akisikia yake yanasomwa atakumbuka mengine.

Rafiki yangu tuliyesoma naye anahamia Dodoma, nataka kitu cha huku kwetu cha kumkumbusha. Niko Tukuyu.

Chungu cha Wakisi, kutoka kule Ikombe na Matema ziwani Nyasa, wanafinyanga akina mama na wana mkono wao, ukikijua huwezi kukichanganya na kingine. Kabla ya kununua kigonge na kidole, kikilia vizuri ni kizima, kikitoa sauti ya kukwaruza kina ufa. Kijaze majani makavu ndani, nje kizungushie kitenge halafu kikae kwenye kikapu cha milulu cha Iringa kama utakipata, hapo zawadi zimekuwa tatu. Kwenye basi akipakate, kisiende kwenye buti. Na mwandikie karatasi uiweke ndani ya chungu: siku ya kwanza akiloweke usiku kucha, kesho yake apike uji mwepesi aumwage, ndio maharage yafuate, kwa moto mdogo.