Mmea upi ung'olewe kwanza kwa ajili ya mbwa?

Swali: Daktari, tumehamia nyumba ya kupanga Lang'ata yenye bustani ya siku nyingi. Kuna fensi ya olianda, maua makubwa ya tarumbeta yanayoning'inia, agapanthasi, poinsetia, na kichaka kimoja ambacho maua yake huchanua zambarau kisha yakageuka meupe. Mbwa wetu ana miezi minne, kilo 9, na hutafuna kila kitu. Mwenye nyumba ameruhusu tung'oe mmea mmoja tu. Tung'oe upi? Na akila, tumpe maziwa?

Jibu: Ng'oeni hicho kichaka cha zambarau. Jina lake ni brunfelsia, na rangi ndiyo inayokitambulisha: ua huchanua zambarau, hufifia, na baada ya siku tatu hivi huwa jeupe, hivyo rangi zote huonekana kwa pamoja kwenye kichaka kimoja.

Wengi wangeanza na olianda, na kwa ukali wa sumu hawajakosea, maana majani machache yanatosha kuvuruga mapigo ya moyo wa mbwa. Lakini olianda ni chungu, na mbwa wengi huonja wakatema. Matunda na mbegu za brunfelsia mbwa huzila bila shida, tena huziokota chini zikishaanguka. Mmea mzima una sumu, ila mbegu ndizo mbaya zaidi.

Dalili huanza kwa kutapika, kuharisha na kutoa mate, pengine na kikohozi au chafya. Kisha mwili hutetemeka, miguu hukakamaa, na mbwa huanguka kwa degedege linaloweza kujirudia kwa siku kadhaa. Hapo Nairobi mtu wa kwanza kushukiwa ni mwizi aliyerusha nyama yenye sumu juu ya ukuta. Mshukiwa wa pili ni dawa ya konokono, ambayo nayo huleta mitetemeko ya namna hiyo, kwa hiyo kama mnainyunyiza bustanini, mwambieni daktari mapema. Brunfelsia haina dawa ya kuiua sumu yenyewe. Daktari husafisha tumbo, hutuliza degedege kwa sindano, huweka dripu na kupoza mwili uliopata joto. Mbwa anayefikishwa mapema kwa kawaida hupona.

Kung'oa kunataka subira. Vaeni glavu, mfungeni mbwa ndani, mkate matawi kwanza na kuyatia kwenye gunia. Chimbeni kuzunguka shina hadi mizizi minene itoke, kwa sababu kipande kilichobaki kinaweza kuchipua. Kisha okoteni matunda yote yaliyoanguka, na mrudie kila wiki kwa miezi miwili hivi. Msitupe mabaki kwenye shimo la mbolea, kwani mbwa atayafukua.

Olianda ibaki, ila kwa sharti moja. Fensi ikikatwa, vijiti na majani yaondolewe siku ileile. Majani yakikauka sumu haipotei, na mbwa mchanga huona kijiti kikavu ni cha kuchezea. Msiyachome pia, moshi wake una madhara. Maua ya tarumbeta huwafanya mbwa wachanganyikiwe, mboni zipanuke na moyo uende mbio, kwa hiyo fagieni yaliyoanguka kila asubuhi na mkate matawi ya chini. Agapanthasi humtapisha tu. Poinsetia imesingiziwa mengi: utomvu wake huwasha mdomo na kumtoa mbwa mate, basi.

Kuhusu maziwa, hapana. Hayaui sumu, na mbwa anayetapika anaweza kupaliwa nayo. Maji ya chumvi ni mabaya zaidi, maana chumvi nyingi yenyewe huleta degedege. Makaa ya jikoni yaliyosagwa hayafanyi kazi ya mkaa maalumu wa dawa anaoutumia daktari.

Mkimkuta na mmea mdomoni, toeni vipande kwa kidole, msuuze mdomo kwa maji yanayotoka pembeni badala ya kuyaelekeza kooni, na mpige simu kwa daktari mara moja. Mwambieni kilo za mbwa, saa aliyokula na sehemu aliyokula: jani, ua au mbegu. Bebeni tawi la mmea na matapishi kwenye mfuko. Msimtapishe wenyewe. Haidrojeni peroksaidi hutumika tu kwa maelekezo ya daktari, tena ile ya asilimia 3. Chupa nyingine za duka la dawa ni za asilimia 6, na hiyo huunguza tumbo. Mbwa anayetetemeka au aliyelegea hatapishwi kabisa, kwa sababu matapishi huingia kwenye mapafu.

Huko njiani bonyezeni ufizi wake kwa kidole, kisha mwachie. Rangi ya waridi ya ufizi ikichukua zaidi ya sekunde mbili kurudi, damu haizunguki vizuri. Mjulisheni daktari kabla hamjafika.

Mahali pa kichaka pandeni hibiskasi, asmini au waridi. Mkipanda waridi, msitie unga wa mifupa kwenye shimo. Harufu yake huwavuta mbwa, na akiufukua na kuula mwingi hushikamana tumboni ukaziba.