Re: Watangazaji wameondoka, matangazo nayo yamekauka

Habari ndugu. Umesema watangazaji wawili wa kipindi cha asubuhi kwenye redio yenu huko Arua, Uganda, wamehama, matangazo yakapungua, na bosi anataka kushusha bei ya matangazo. Msishushe bado.

Kwanza fungua daftari la matangazo, uangalie nani hasa ameacha kulipa. Ikiwa ni wizara na idara, watangazaji hawahusiki: mwaka 2023 serikali iliagiza matangazo yake yapitie UBC, shirika la utangazaji la taifa, na redio nyingi za mikoani ziliumia hapo. Ikiwa ni wenye maduka ya vifaa vya ujenzi, shule na zahanati, basi wamemfuata mtangazaji wao aliyehama. Kwetu mteja humpigia mtangazaji kwenye simu yake binafsi, ofisi haina hata namba. Nendeni dukani kwake ana kwa ana, mkamtambulishe mtangazaji mpya, bei ileile.

Halafu ulizia mishahara. Nimefanya kazi ya mauzo redioni miaka mingi, na wengi niliowaona wakiondoka walikuwa wanadai kamisheni ya matangazo yaliyokwisha kurushwa. Inaniuma, maana ndio walioleta pesa. Lipeni hizo kabla ya kuajiri mwingine, na mkataba mpya utaje tarehe ya kulipwa.