Fundi Anajibu: Pedali Inavuma, Tena Inashika Redio

SWALI: Fundi, shikamoo. Nimejiundia pedali ya kuongeza nguvu ya sauti ya gitaa, ina transista moja tu, nikaiweka kwenye kikasha cha plastiki. Gitaa likiingia moja kwa moja kwenye amplifaya, hakuna kelele. Likipitia kwenye pedali, kuna mvumo, na usiku namsikia mtangazaji wa redio kwa mbali ndani ya spika. Nikishika nyuzi za gitaa mvumo unapungua. Natumia adapta ya volti 9 niliyoitoa kwenye chombo kingine. Je, ninunue transista nyingine?

JIBU: Marahaba. Usinunue. Transista yako ni nzima. Inakuza chochote inacholetewa, na wewe unailetea gitaa pamoja na uchafu wa umeme. Tutafute uchafu huo unaingilia wapi.

Anza na betri. Chomoa adapta, weka betri ya volti 9, usikilize. Mvumo ukikatika papo hapo, mkosaji ni adapta. Penye umeme wa hezi 50, adapta yenye mchujo hafifu hutoa mvumo wa hezi 100; penye hezi 60, ni 120. Pale waya chanya unapoingia ndani ya pedali, pitisha umeme kwenye rezista ya omu 100, kisha baada yake weka kapasita ya mikrofaradi 100 kwenda hasi. Mvumo wa hezi 100 utabaki takriban sehemu ya sita ya ulivyokuwa, na pedali ndogo kama hiyo haitahisi upungufu wa volti.

Lakini umenidokeza jambo kubwa zaidi: ukishika nyuzi, mvumo unapungua. Hiyo ni dalili kwamba mwili wako na nyaya zilizo wazi zinadaka umeme wa nyumba kupitia hewani. Plastiki haizuii kitu hapo. Kasha la chuma au alumini litazuia, ila kwa sharti moja ambalo mimi nililijua kwa kuumia. Pedali yangu ya kwanza niliizungushia karatasi ya alumini kwa ndani, nikaibana vizuri, nikaifunga kwa furaha. Kelele ikazidi! Nilihangaika nayo siku mbili kabla ya kugundua kwamba karatasi ile haikuungwa popote. Chuma kisichounganishwa na upande wa hasi hakikingi. Kinadaka kelele na kuipitisha kwenye saketi iliyo karibu yake.

Kwa hiyo, ukibaki na plastiki, bandika utepe wa shaba ndani yote, mpaka kwenye kifuniko. Gundi ya utepe mara nyingi haipitishi umeme, basi tia tone la risasi ya kulehemu kila vipande viwili vinapokutana, kisha uunge waya mmoja kwenda hasi ya jeki, yaani tundu la kuchomekea waya wa gitaa. Pima kwa multimita kutoka kona hadi kona: isome chini ya omu 1. Mfuniko nao usiusahau. Ukiweza kupata kasha la chuma, afadhali mara nyingi, kwa kuwa nati ya jeki yenyewe inaliunga kasha na hasi.

Huyo mtangazaji anaingia kwa njia yake. Waya wa gitaa unafanya kazi ya antena, na transista inayageuza mawimbi ya redio kuwa sauti. Usiku mawimbi ya AM husafiri mbali zaidi, ndiyo maana humsikii mchana. Karibu kabisa na transista, kwenye njia ya kuingilia, pitisha sauti kwenye rezista ya omu 10,000, na baada yake kapasita ya seramiki ya pikofaradi 100 kwenda hasi, miguu yake ikiwa mifupi. Vitu hivyo viwili huanza kukata mawimbi yaliyo juu ya kilohezi 160 hivi. Gitaa halifiki huko hata kidogo. Redio za AM za masafa ya kati ziko juu ya kilohezi 500.

Mvumo ukibaki na kubadilika unapoizungusha pedali, iko karibu mno na transfoma, nayo inadaka usumaku wake. Shaba na alumini haviuzuii usumaku huo wa hezi 50. Isogeze mbali: umbali ukiwa maradufu, usumaku wa transfoma hushuka hadi kama sehemu ya nane.

SWALI: Mwenzangu amenishauri nikate pini ya erthi ya plagi ya amplifaya ili mvumo uishe. Ni sawa?

JIBU: Hapana, ndugu yangu, nakusihi usifanye hivyo. Waya wa ndani ukilegea na kugusa chesi (bodi ya chuma ya amplifaya), umeme wote utakuwa kwenye nyuzi unazozishika, na pengine mdomo wako uko kwenye maikrofoni yenye erthi. Mvumo wa aina hiyo hutokea vyombo viwili vinapochukua erthi kwenye soketi mbali mbali. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja, kisha usikilize tena.