Akiba ya Uzeeni: Je, Niigeuze Dhahabu?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina umri wa miaka 67 na nilifundisha shule ya msingi hadi nilipostaafu. Akiba yangu yote ni dola 9,000, ambazo nilizitoa kabla benki za hapa Bukavu hazijafunga milango mwezi wa Februari 2025. Shemeji yangu anayefanya biashara Kamituga ananishauri nizigeuze zote kuwa dhahabu, ninunue kwa tola (kipimo cha uzito wa dhahabu) na kuificha nyumbani. Je, nifuate shauri lake?
Mwalimu mstaafu, Kadutu

JIBU: Mwalimu, tunakusalimu kwa heshima. Hofu yako ina asili, na mtu aliyeishi Zaire anaielewa: mwaka 1993 zaire milioni 3, fedha ya nchi wakati huo, ziligeuka zaire mpya 1, na mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikageuka faranga 1. Mama yangu alikuwa amezifunga noti zake katika kipande cha kitenge chini ya godoro, na siku alipozifungua hazikutosha kununua sabuni. Dhahabu haifutwi kwa amri ya serikali, na katika hilo shemeji yako anasema kweli.

Hata hivyo, usiweke dola zote 9,000 humo, na kinachonifanya niseme hivyo ni umri wako. Aunsi moja ya dhahabu, yaani gramu 31.1, ilifika dola 850 hivi Januari 1980, ikateremka hadi karibu dola 260 mwaka 2001, na kilele kile hakikupitwa hadi Januari 2008, kwa hiyo aliyenunua siku ile alingoja miaka 28 bila kupata riba hata ya senti moja. Oktoba 2025 bei ilivuka dola 4,000, na hakuna awezaye kukuhakikishia kwamba wewe nawe hununui kileleni. Kijana anaweza kungoja. Wewe unahitaji unga na dawa kila mwezi.

Kuhusu tola, moja ni gramu 11.66, lakini gramu hizo si dhahabu tupu, kwa kuwa inayotoka machimboni huwa imechanganyika na madini ya fedha na wakati mwingine shaba, na malipo yanapaswa kufuata dhahabu halisi iliyomo. Ukionyeshwa kipande, weka glasi ya maji juu ya mizani ndogo ya elektroniki, irudishe mizani kwenye sifuri, kisha ukishushe kipande kwa uzi mpaka kizame bila kugusa kitako wala ukingo wa glasi. Cha gramu 20 kikiwa dhahabu safi, mizani itaongezeka gramu 1 na ushei tu. Kikiwa shaba ya manjano, itaongezeka zaidi ya gramu 2. Lakini tangsteni, metali nyingine nzito, kwa ujazo uleule ina uzito unaolingana karibu kabisa na ule wa dhahabu, hivyo iliyopakwa dhahabu hupita jaribio hili, na hapo ni lazima kipande kikatwe mbele yako.

Tena kuna sheria. Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inataka anayenunua dhahabu ya wachimbaji wadogo awe na kadi ya biashara hiyo au awe kontuari (nyumba ya kununua madini) iliyoidhinishwa, na wewe huna kadi. Ukikamatwa na mzigo huo utapoteza dhahabu na kuingia kesini, na undugu hautakutetea.

Kama moyo wako hautulii bila dhahabu, tenga kwanza fedha za matumizi ya miaka miwili, kisha usizidishe dola 900 katika vito vya karati 22 au 18 kutoka kwa sonara anayetoa risiti yenye uzito na karati. Karati 22 ina dhahabu asilimia 91.6, na 18 ina asilimia 75. Chagua vipande vidogo, maana mkufu mmoja mzito huwezi kuukata ili ulipe kodi ya nyumba, na ujue kwamba gharama ya ufundi hairudi unapouza. Mahali unapovificha, mwambie mama watoto peke yake. Shemeji naye mjibu kwa upole kwamba fedha umeshazipangia kazi, wala usimtangulizie hata dola moja.